Namna ya kupima lehemu na kuyasoma majibu ukiwa unatumia haidroksiklorokwini, au ukiwa umetoka kuugua malaria

Mkoani Kigoma karatasi ya majibu ya lehemu (kolesteroli) inaweza kudanganya kwa njia mbili, na zote mbili zinaanzia kwenye malaria. Ya kwanza ni dawa. Haidroksiklorokwini iliingia duniani kama dawa ya malaria, na leo inamezwa kila siku na wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) na wenye baridi yabisi ya kingamwili. Inapokaa mwilini miezi, hushusha mafuta ya damu kidogo. Ya pili ni ugonjwa wenyewe. Malaria ikiwa mwilini lehemu huanguka na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, hupanda, na anayepimwa wiki hiyo huweza kuambiwa damu yake haina neno kumbe hesabu yake ya kweli iko juu. Ukishindwa kuzitenganisha sababu hizi mbili, utaacha dawa usiyopaswa kuacha au utatulia wakati hupaswi kutulia.

Kwanza jua unameza dawa gani

"Dawa ya malaria" ni jina pana mno kwa kazi hii. Dawa mseto ya ALu, yaani artemeta na lumefantrini, inamezwa siku tatu basi. Kilichovuruga mafuta yako wiki hiyo ni homa, si vidonge. SP (sulfadoksini na pirimethamini) anayopewa mjamzito kliniki iweke kando pia. Kinachogusa lehemu kwa namna ya kuonekana ni jamii ya klorokwini inapotumika kila siku kwa muda mrefu, na siku hizi hiyo kwa kawaida ni haidroksiklorokwini.

Klorokwini yenyewe ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na mwanakemia Hans Andersag. Haidroksiklorokwini ni mdogo wake mpole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1955. Tanzania iliiondoa klorokwini kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Ikashika SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikaja ALu. Kwa hiyo anayemeza haidroksiklorokwini kwa ajili ya lupasi asijione amekingwa na mbu wa Ujiji au Kasulu. Chandarua kibaki kitandani, na homa ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote.

Angalia boksi. Kidonge cha haidroksiklorokwini kwa kawaida ni cha miligramu 200. Cha klorokwini mara nyingi huandikwa 250. Si kitu kimoja, na muuza dawa akikuambia "hii ndiyo ileile" mrudishie.

Dawa inafanya nini kwenye mafuta

Dawa hizi hupenda kujilundika mahali penye asidi, na tabia hiyo moja ndiyo inaeleza kazi zote mbili. Ndani ya kimelea cha malaria hujaa kwenye kifuko anachosagia himoglobini ya chembe nyekundu aliyoivamia. Masalia yenye chuma yanashindwa kuzimwa sumu yake, na kimelea hufa kwa chakula alichokila mwenyewe.

Ndani ya seli zetu, hasa za ini, kuna vifuko vya asidi vinavyoitwa lisosomu. Humo ndimo chembe za LDL (zinazobeba lehemu damuni, ile inayoziba mishipa) zilizovutwa kutoka kwenye damu hufumuliwa ili lehemu itoke itumike. Dawa ikiipunguza asidi, kimeng'enya cha kufumua hulegea. Seli inajiona ina njaa ya lehemu ingawa mzigo umo ndani ya kifuko, basi inaongeza vipokezi vya LDL kwenye ukuta wake na kuvuta zaidi kutoka damuni. Ndivyo LDL inavyoshuka kwenye karatasi yako, na hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi.

Inashuka kiasi gani? Kidogo. Tarajia sehemu ya kumi hivi ya LDL, trigliseridi nazo kidogo, na HDL (ile lehemu inayolinda mishipa) ama ipande kidogo ama isitikisike. Linganisha na atorvastatini, dawa ya lehemu ya jamii ya statini, ya miligramu 10 au 20, ambayo hushusha LDL kwa asilimia 30 na zaidi. Asiye na lupasi wala baridi yabisi hana sababu ya kuitafuta haidroksiklorokwini dukani kama dawa ya lehemu. Atabeba hatari za macho na moyo kwa faida ambayo kidonge kingine kinaitoa mara tatu.

Wanaoonekana kufaidika zaidi ni wale wanaotumia na prednisoloni, dawa ya steroidi. Prednisoloni hupandisha lehemu, trigliseridi, sukari na uzito, na haidroksiklorokwini hupunguza sehemu ya madhara hayo. Hapo pana mtego: mgonjwa akianza haidroksiklorokwini, baada ya miezi michache daktari humpunguzia prednisoloni kwa sababu viungo vimetulia. Lehemu ikishuka, nani ashukuriwe? Pengine zote mbili. Ndiyo maana kila jibu la lehemu liandikwe pamoja na dozi ya prednisoloni ya siku ileile. Bila namba hiyo ya pili, ya kwanza haina tafsiri.

Hesabu ya vidonge

Kabla ya kuilaumu au kuisifu dawa, hakikisha unaimeza kwa kiwango kinachofaa. Kikomo kinachotumika sasa ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako halisi kwa siku, na haizidi miligramu 400 kwa siku hata uwe na kilo 100. Kwa kuwa kidonge ni cha 200 na hakipendezi kukatwa (ni kichungu kama kwinini), fanya hesabu ya wiki: kilo zako mara 5, mara 7, gawa kwa 200. Desimali itupe, usiipandishe.

Mwenye kilo 52: 52 × 5 × 7 = 1,820; gawa kwa 200, unapata 9.1. Vidonge tisa kwa wiki, yaani kimoja siku tano na viwili siku mbili, tuseme Jumatano na Jumamosi. Mwenye kilo 60 anapata 10.5, basi kumi: viwili siku tatu, kimoja siku nne. Mwenye kilo 45 anapata 7.9, basi saba, kimoja kila siku. Kuanzia kilo 80 ni viwili kila siku. Hiyo ndiyo dari; daktari wako anaweza kukuweka chini yake, hasa kama figo hazifanyi kazi vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hutokea huko.

Pima uzito kwenye mzani wa kituo, si kwa kukisia. Mgonjwa wa lupasi aliyepungua kilo nane akiendelea na vidonge vya zamani amevuka kikomo bila kubadili chochote. Meza pamoja na chakula. Kama unatafuna vidonge vya kutuliza asidi ya tumbo, viache viwe mbali kwa saa nne, la sivyo haidroksiklorokwini haifyonzwi vizuri.

Lini upime

Kipimo cha kwanza kiwe kabla ya kidonge cha kwanza, au ndani ya wiki ya mwanzo. Wengi huruka hatua hii, na miezi sita baadaye hakuna cha kulinganisha nacho.

Cha pili, miezi mitatu. Usipime mapema zaidi ili "kuona kama inafanya kazi". Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu mno, nusu yake huchukua siku 40 hivi kutoka, kwa hiyo hujijaza polepole na kiwango chake hutulia baada ya miezi minne hadi sita. Kipimo cha wiki ya pili kinapima sindano tu. Cha tatu fanya mwezi wa sita, kisha mara moja kwa mwaka kama hakuna kilichobadilika.

Sasa malaria. Ukiugua, hesabu wiki sita kutoka dozi ya mwisho ya ALu ndipo upime lehemu. Kama ulilazwa kwa malaria kali, subiri miezi miwili. Kimelea cha malaria hakiwezi kujitengenezea lehemu, kinaichukua kwa mwenyeji wake. Uvimbe wa ndani unaoletwa na homa nao hubadili kazi ya ini na namna mwili unavyosafisha trigliseridi. Matokeo yake lehemu jumla, LDL na hasa HDL huanguka, trigliseridi hupanda. Hali hurudi yenyewe kwa wiki kadhaa. Nimonia na homa nyingine kali hufanya mambo yanayofanana na hayo, basi kanuni ni ileile.

Usiitumie mRDT kuamua kama wiki sita zimeanza. Kipimo hicho cha haraka hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hesabu kwa tarehe ya dozi ya mwisho. Kama kuna shaka kwamba malaria bado ipo, omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Mjamzito asipimwe lehemu kwa ajili ya uamuzi wa dawa. Mimba yenyewe hupandisha lehemu, na trigliseridi huweza kufika mara mbili au tatu ya kawaida. Haidroksiklorokwini kwa mwenye lupasi kwa kawaida huendelea wakati wa ujauzito, na kuiacha ndiko kunakoleta balaa. Statini kwa kawaida husimamishwa. Vyote viwili viamuliwe na daktari, mapema.

Asubuhi ya kipimo

Kufunga si lazima kila mara. Lehemu jumla na HDL hazibadiliki sana kwa chakula. Kinachopanda ni trigliseridi. Lakini kama unataka kulinganisha kabla na baada, funga mara zote au usifunge mara zote. Kufunga ni saa 9 hadi 12: ukimaliza kula saa mbili usiku, utolewe damu kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Maji yanywe, na ni vizuri uyanywe. Chai ya maziwa ni chakula. Pombe, iwe bia au ya ndizi, iache siku tatu kabla. Usiku mmoja wa pombe unatosha kuipandisha trigliseridi.

Anayetoka vijiji vya mwambao wa kusini, Buhingu au Kalya, akafunga tangu jana mchana ndani ya boti na kufika mjini midomo imekauka, atatolewa damu iliyojikusanya, na namba zote zitapanda kidogo bila sababu ya ugonjwa. Afadhali afike jioni, ale, alale, anywe maji, apime asubuhi. Ikishindikana, apime bila kufunga na karatasi iandikwe hivyo.

Kidonge cha haidroksiklorokwini cha asubuhi kisubiri damu itoke, kisha kimezwe na kifungua kinywa. Kuchelewa saa tatu hakubadili chochote kwa dawa inayokaa mwilini wiki. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi awe mwangalifu zaidi: asiimeze akiwa amefunga. Haidroksiklorokwini nayo hushusha sukari, na hizo mbili kwenye tumbo tupu zinaweza kumwangusha kwenye benchi la maabara. Jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili. Mpe soda yenye sukari au asali, usisubiri.

Kaa kitini dakika tano hadi kumi kabla ya sindano. Kulala hushusha namba, kusimama huzipandisha, tofauti ikafika asilimia 10 hivi, ambayo ni sawa na athari yote ya dawa tunayoitafuta. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Ukikaa dakika tano huku mshipa unatafutwa, maji hutoka kwenye mshipa na lehemu hujikusanya. Si utovu wa adabu kusema, "Daktari, samahani, mpira umebana muda, naomba ulegeze kidogo."

Na kabla hajachoma, mpe habari nzima kwa mkupuo: "Shikamoo daktari. Natumia haidroksiklorokwini vidonge tisa kwa wiki tangu Machi, na prednisoloni miligramu saba na nusu kwa siku. Malaria niliugua mara ya mwisho wiki tatu zilizopita." Hapo mtu wa maabara akisema rudi baada ya wiki tatu, amekusaidia, usinung'unike.

Kusoma karatasi

Angalia kizio kwanza. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL. Lehemu jumla, LDL na HDL: zidisha mmol/L kwa 38.7 kupata mg/dL. Trigliseridi: zidisha kwa 88.6. Watu wamewahi kuogopa 190 kwa sababu mwezi uliopita walikuwa na 4.9, ni kitu kilekile.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala kisukari, lehemu jumla chini ya 5.2 mmol/L, LDL chini ya 3.0 na trigliseridi chini ya 1.7 ni sawa. HDL tunaitaka juu ya 1.0 kwa mwanaume na 1.2 kwa mwanamke. Mwenye lupasi hapaswi kustarehe kwa namba hizo peke yake, kwani ugonjwa wenyewe huharakisha kuziba kwa mishipa. Daktari huenda akataka LDL iwe chini zaidi.

LDL kwenye karatasi nyingi haikupimwa, imehesabiwa: lehemu jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2 (kwa mg/dL gawa kwa 5). Fanya mwenyewe kwa kalamu.

Tuseme mama wa kilo 52, mwenye lupasi, anatumia prednisoloni. Kabla ya haidroksiklorokwini: lehemu jumla 6.2, HDL 1.1, trigliseridi 2.0. LDL ni 6.2 − 1.1 − 0.9 = 4.2. Miezi mitatu baadaye, prednisoloni ikiwa ileile: 5.7, 1.2 na 1.7. LDL ni 5.7 − 1.2 − 0.8 = 3.7. Imeshuka kwa 0.5 mmol/L, yaani asilimia 12. Hilo ndilo umbo la jibu linalotarajiwa kutokana na dawa: vyote vinasogea kidogo, kwa upande mzuri, HDL ikiwemo.

Mama huyohuyo apimwe siku ya pili ya malaria: lehemu jumla 3.4, HDL 0.5, trigliseridi 3.6. LDL inatoka 3.4 − 0.5 − 1.6 = 1.3. Atakayeitazama LDL pekee atashangilia. Tazama HDL: imeporomoka. Tazama trigliseridi: imepanda karibu mara mbili. Dawa haifanyi hivyo. HDL ikianguka na trigliseridi ikipanda huku lehemu jumla ikishuka, uliza habari ya homa kabla ya kuuliza kitu kingine. Juu ya hayo, trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L hesabu ile ya LDL haiaminiki tena kabisa. Tumia lehemu jumla kutoa HDL, namba ambayo haihitaji kufunga wala trigliseridi. Kwa mama wetu, kabla ya dawa ni 5.1, miezi mitatu baadaye 4.5.

Macho yakiwa ya njano baada ya malaria kali, jibu la lehemu lina shaka ya ziada, maana rangi ya nyongo huingilia kemikali za mashine na kuyashusha majibu.

Kisha kuna kelele za kawaida. Lehemu ya mtu yuleyule, bila dawa kubadilika, hupanda na kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 kati ya wiki na wiki. Trigliseridi kwa asilimia 20 au zaidi. Kwa kuwa athari ya haidroksiklorokwini ni ya ukubwa huohuo, karatasi mbili hazitoshi kuapa. Tatu, kutoka maabara moja, zikielekea upande mmoja, hapo unaweza kusema. Kipimo cha kutoboa kidole kwenye kambi ya upimaji stendi au sokoni kinafaa kugundua mwenye lehemu ya juu sana, hakifai kupima mabadiliko madogo namna hii.

LDL ikipanda ingawa dawa unameza sawasawa, usikimbilie kulaumu mawese. Kwa mwenye lupasi, pima mkojo. Figo zinazovuja protini hupandisha LDL kwa kishindo, wakati mwingine kabla miguu haijavimba. Mkojo wenye povu lisiloisha ni ishara. Tezi ya shingo iliyolegea nayo hufanya hivyo. Trigliseridi ikivuka 10 mmol/L, hasa tumbo la juu likiuma, ni kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu kongosho liko hatarini.

Malaria ikimpata anayetumia dawa hizi

Hapa ndipo makosa ya hatari yanapofanyika, na moja linatokana na ushauri mzuri wa lishe. Mtu ameambiwa apunguze mafuta. Anaugua malaria, anapewa ALu, anaimeza na chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwa sababu anajilinda na lehemu. Lumefantrini haifyonzwi bila mafuta. Kwa mlo wenye mafuta mengi kiwango chake damuni kimeonekana kupanda mara 16 kuliko tumbo tupu. Anamaliza vidonge vyote 24, homa inatulia, na wiki mbili baadaye imerudi.

Habari njema ni kwamba hayahitajiki mafuta mengi. Gramu moja na kidogo imeonekana kutosha kuleta karibu faida yote. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, kiganja cha karanga, uji uliotiwa karanga zilizosagwa, au dagaa waliopikwa kwa kijiko cha mawese: kimoja kati ya hivyo kwa kila dozi. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne, vinne vingine zikishapita saa nane tangu dozi ya kwanza, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Siku tatu za karanga haziwezi kuipandisha lehemu ya mtu. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudi kituoni apewe dozi nyingine.

La pili ni moyo. Haidroksiklorokwini na lumefantrini zote huchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Zikikutana, hasa kwa aliyetapika na kuharisha hadi madini ya potasiamu yameisha, mapigo yanaweza kuvurugika. Kwinini nayo ni ya kundi hilo. Wala usijaribu kutatua hilo kwa kuacha haidroksiklorokwini siku mbili: nusu yake inachukua siku 40 kutoka, kwa hiyo hujaondoa kitu. Kazi yako ni kusema. Taja dawa yako kabla ya kuandikiwa, taja kama umewahi kuzimia au nduguyo alikufa ghafla akiwa kijana, na daktari ataamua kama ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inahitajika kwanza au kama dawa nyingine inafaa zaidi. Malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa kuliko hayo yote, basi habari hii isimfanye mtu abaki nyumbani na homa.

La tatu ni statini. Atorvastatini na simvastatini huvunjwa na kimeng'enya kilekile cha ini kinachovunja dawa za ALu. Daktari akikuambia uzisimamishe siku hizo tatu, usihofu, lehemu haitapanda ghafla. Balungi achana nalo kipindi hicho, maana hukizuia kimeng'enya hicho. Na kama unatumia statini pamoja na haidroksiklorokwini, maumivu ya misuli ya mapaja au kushindwa kuinuka kwenye kigoda yasiitwe uchovu wa homa. Zote mbili zinaweza kudhuru misuli. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi ni dharura, iwe chanzo ni misuli au ni malaria.

Mawese

Swali hili haliepukiki Kigoma. Mawese hayana lehemu, kama mafuta yote ya mimea. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na hayo ndiyo huliambia ini lipunguze vipokezi vya LDL, yaani yanavuta kinyume cha dawa. Vijiko viwili vikubwa kwenye sufuria ya familia ya watu watano si tatizo. Kuyamimina hadi migebuka ielee, kila siku, kunafuta faida ya haidroksiklorokwini na kubakisha deni. Alizeti mchana na mawese mara mbili tatu kwa wiki ni mpango unaofuatika. Maharage, kunde na mboga za majani husaidia zaidi kuliko wengi wanavyodhani, na dagaa wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga.

Yaliyobaki

Macho yapimwe na mtaalamu ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu au aliyewahi kuvuka miligramu 5 kwa kilo. Lehemu nzuri haimwondolei mtu kipimo hicho, na madhara ya retina hayarudi nyuma hata dawa ikiachwa.

Vidonge vifungiwe juu. Kimoja au viwili vya jamii hii vinaweza kumuua mtoto anayetambaa, na ladha chungu haimzuii kila mtoto.

Dawa ikiadimika na ukakosa wiki mbili, kilichomo mwilini kinapungua polepole, hakikatiki. Ukiipata endelea na dozi ileile ya wiki. Usifidie kwa kumeza maradufu, na kipimo cha lehemu kilichokuwa kimepangwa mwezi huo kisogeze mbele miezi mitatu.